Mvua ya Madebe

Jumatatu, 23 Machi

Leo tumekuwa sisimizi. Darasa langu zima la chekechea, PP2, mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, kila mtoto na jani kichwani. Wimbo wa somo la Kiingereza nimeutunga mwenyewe nikiosha vyombo: "Ant, ant, where do you go? I carry my food, I go, I go." Si wimbo wa kushinda kikombe. Lakini wameuimba hadi saa ya uji, na wengine wameuimba ndani ya uji. Nimepangusa meza mara mbili.

Nina furaha ya kijinga. Muhula ulipoanza hawa watoto walikuwa wakiangalia ubao jinsi ng'ombe anavyoangalia lori. Sasa wakiniona wanauliza, ticha, leo sisi ni nani?

Wadudu sikuwasomea. Niliwajua kwa kuchuchumaa katika shamba la mama, Yamumbi, nikiwa nimetumwa kupalilia. Shamba halikupaliliwa vizuri, lakini elimu niliipata.

Jumanne, 24 Machi

Madam Jepkosgei, mwalimu mkuu, ameniita ofisini. Mama Nafula amelalamika. Huyu ni mwenyekiti wa wazazi, ananunua mahindi Moi's Bridge na kuyauza hapa mjini, na sauti yake imezoea kupita juu ya injini. Ati hakulipa karo ili mtoto afunzwe kulia kama nyuki. Ati Nafula akiulizwa amejifunza nini, anazunguka meza akisema bzzz.

Nikasema bzzz pia ni Kiingereza. Madam hakucheka.

Tukaenda naye darasani. Akamsimamisha Kiprop, akamwuliza, "What is your name?"

Kiprop akasimama wima kama askari. "I am a bee."

Hukumu: Ijumaa Madam atakuja kutazama somo, pamoja na Mama Nafula. Watoto wakiongea Kiingereza, waongee, si kuimba, nyimbo zinabaki. Wakishindwa, tunarudi kwa ubao. Mwalimu anasema, watoto wanarudia, wote wanasinzia. Hayo ya kusinzia nimeongeza mimi.

Nina hasira. Zaidi kwa sababu Madam ana haki. Kasuku pia anaimba.

Jumatano, 25 Machi

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana jioni. Udongo unanukia mpaka unataka kuula.

Nimepata wazo! Somo litafanyika nje, kwenye nyasi karibu na ua, pale penye kichuguu. Nimeomba jikoni madebe matupu ya mafuta ya kupikia. Tunayageuza midomo chini, watoto wanayapiga, hiyo ni mvua. Mvua ikinyesha kila mdudu anatoka na kusema habari zake. "I have six legs." "I have two wings." Kila mtoto na mdudu wake, kila mdudu na sentensi yake. Nikiwaza nasisimka mwenyewe.

Shida ni Nafula. Darasani hajawahi kutoa neno la Kiingereza zaidi ya "present". Na debe analipiga vibaya. Mimi nimewafunza taratibu: moja, mbili, pumzika. Yeye anapiga kwa vidole, haraka haraka, chini chini, sikio karibu liguse nyasi. Nimemsahihisha. Akanitazama kwa huruma, akaendelea.

Alhamisi, 26 Machi

Mazoezi mabaya. Panzi amelia. Kipepeo ana homa, hakuja. Kiprop bado ni nyuki hata nikimwuliza kama anataka choo. Nafula nimemsahihisha tena.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau lolote.

Mama Nafula alikuja na leso mpya na uso wa mkaguzi. Madam alikuja na kalamu. Watoto waliimba vizuri sana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Madam akamwuliza panzi ana miguu mingapi. Panzi akaimba. Akamwuliza mende. Mende akaimba, na wenzake wakamwitikia. Madam akaandika kitu kirefu.

Nikajua tumezikwa. Kwa kukosa la kufanya nikawaambia wapige mvua tena. Moja, mbili, pumzika yangu haikumaliza hata dakika. Wote wakamfuata Nafula: haraka haraka, chini chini, madebe yote, bila kupumzika. Nikawaacha. Mtu akizama haanzi kusahihisha maji.

Kisha Nafula akasimama, akaonyesha chini kwa kidole.

"They are coming out." Polepole. Halafu kwa nguvu, "Teacher, they are coming out!"

Kumbikumbi. Kutoka kila tundu kando ya kichuguu, wanasukumana kama watu wa sokoni, mabawa yaking'aa.

Na Kiingereza kikatoka nao. It has wings. Four, four wings. Teacher, the wings are falling. Sikuwafunza "falling". Waliitoa wapi sijui. Kiprop akaja mbio na kumbikumbi mkononi.

"I am not a bee," akaniambia. "I am hungry."

Mama Nafula alikuwa tayari amepiga magoti, leso mpya imetandazwa juu ya matundu. "Mwalimu, wacha kusimama kama mlingoti. Leta beseni. Na nyinyi watoto, msiache kupiga." Kisha akaniangalia upya kabisa. "Kwetu tunawaita watoke hivi hivi, kwa kupiga. Nyanya yake Nafula ndiye fundi. Wewe, mtu wa Yamumbi, nani alikufunza?"

Kwetu kumbikumbi ni chakula cha kuku. Sikujua kama wanaitwa, wala kama wanaitika.

"Ni mbinu ya kufundishia," nikasema. Mungu anisamehe.

Madam alivua viatu. Akazunguka akiuliza kila mtoto ameshika nini, kina nini, kinaenda wapi, na kila mtoto akajibu, wengine wakiwa wamejaza mdomo. Kalamu yake bado imepotea huko nyasini.

Jumapili, 29 Machi

Nyimbo zinabaki. Madam aliniambia jana kwa sentensi moja, akaongeza kwamba siku nyingine watoto wasile somo lote.

Mama Nafula ametuma kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, kwenye mkebe. Nilionja mmoja kwa heshima. Mkebe sasa ni mtupu.

Mvua imeanza alasiri. Nimekaa mezani, juu yangu mabati. Haraka haraka, chini chini, bila kupumzika. Nikajaribu kuifuata kwa vidole juu ya mkebe.

Ni mpigo wa Nafula. Mara mbili wiki hii nimesahihisha mvua.