Hawatakuchukua, Mwenzangu

Mwenzangu,

Nimechoka. Miguu imevimba, na tangu tukuzike, nyumba hii ya Awindiri imekuwa kubwa kupita haja yangu. Bado napika chai ya watu wawili, halafu nainywa yote mwenyewe kwa hasira.

Juzi alikuja mtoto wa kaka yako kutoka Uingereza. Kijana wa Kizungu, mpole, shingo imeiva kwa jua. Alinisomea vyeo vyako vyote: binti wa ukoo wa kifalme, na vile vya Ujerumani, vya nchi ambazo mwenyewe alikiri hazipo tena. Wallahi nilicheka. Mimi nilikujua kama mke mdogo wa mume wangu, mwanamke wa kuunguza mikate ya kisra kila Ijumaa na kugombana na wabadilisha fedha wa mpakani Oraba mpaka wakuombe uondoke. Majirani walikuita Prinsesi, nawe ukiulizwa ulisema hayo ni mambo ya zamani, ukaendelea kufua.

Anataka kukufukua. Akupeleke ukalale na babu zako katika nyumba ya mawe. Sheikh wa Koboko alimwambia aniulize mimi, kwa kuwa mume wetu alishafariki, wewe hukuzaa, na makaburi yetu hayana majina. Lako tunalijua mimi na wanangu tu.

Unakumbuka nilivyolia ulipoletwa? Nilimwomba Mungu gari lije likurudishe kwenu. Miaka mingi nilikwambia hivyo usoni, na wewe ukajibu, "Gari ikuje, mimi iko hapa tu." Basi limekuja kweli, jeupe, likasimama mlangoni. Na mimi nikakaa mkekani, sikuinuka.

Kijana akauliza kwa adabu wewe ni nani wangu. Nikasema, mke mwenzangu. Akaona haya. Haya ya nini? Mume tulikaa naye muda mfupi. Mimi na wewe ndio tuliozeeka pamoja. Nani mwingine anajua alivyokuwa akikoroma? Ukienda, Ijumaa nitakwenda kaburini kumsimulia nani?

Nikamwambia hapana. Sikumwonyesha kaburi. Aliinamisha kichwa, akapanda gari, akaenda zake.

Kwaheri, mwenzangu. Lala, hakuna atakayekugusa nikiwa hai. Wanangu wameniambia kando ya kaburi la mume bado kuna nafasi yangu. Nimekataa. Nimewaagiza wanilaze ubavuni kwako, na nakuahidi, sitagombana.