Dada Anajilaumu kwa Kosa la Folda Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, hata ukiishia kunigombeza. Mimi ni fundi wa programu, kampuni yetu inatengeneza mashine za oksijeni za nyumbani, ndani yake mna kompyuta ndogo ya Linux, na kazi yangu ilikuwa kuweka data za lugha ili kioo kiandike Kiswahili, sasa mashine ile ina programu za aina mbili, mpya za biti 64 na ile kongwe ya biti 32 inayotoa tahadhari hewa ikikwama, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, kila aina inatafuta lugha kwenye folda yake, nami nikaweka Kiswahili kwenye folda ya zile mpya tu, nikawasha pale mezani, nikaona "Karibu" imetokea vizuri, nikafunga kazi.

Mama alipougua mapafu nikampelekea mashine hiyo kwa mbwembwe, nikamwambia dada, "Hii inajua Kiswahili, usiwe na wasiwasi." Dada aliacha shule darasa la sita ili mimi nisome. Alasiri moja mpira wa kupitishia hewa ukajikunja chini ya godoro, mashine ikalia, kioo kikaandika Kiingereza, maana ile programu ya tahadhari isipoona lugha kwenye folda yake hurudi huko, dada akabonyeza hiki na kile, akanipigia simu nikiwa kikaoni nimeizima, na nilipofika mama alikuwa ameshatutoka.

Kila anayekuja kutoa pole dada anamwambia, "Mama amekufa kwa ujinga wangu, ningesoma asingekufa," nami natazama sakafu. Nimeifungua mashine, kosa nimeliona. Nikisema nitampoteza na yeye. Nifanyeje?

Mdogo mtu

*

Pole sana, mdogo wangu. Hapo kwenye godoro nimeiweka barua chini, nikalia. Lakini umeandika yote haya na hujaniambia mashine nyingine ziko wapi! Mimi kompyuta siijui mbele wala nyuma, ila hili nimelielewa: sasa hivi kuna mama wa mtu anapumulia mashine yako, na anayemuuguza hajui kioo kitaandika nini. Umekaaje kimya na jambo kama hili?

Leo hii mwone bosi wako, mweleze bila kupamba. Wenye mashine wapigiwe simu. Lugha iwekwe mahali ambapo programu za aina zote mbili zinaangalia, na isipowezekana, kila folda ipewe ya kwake. Halafu ukunje mpira kwa mkono wako, mashine ilie, usome kioo mpaka mwisho.

Ukitoka hapo nenda kwa dada yako, peke yako, usibebe watu wa kukuombea msamaha. Habari za biti mwachie bosi. Akikufukuza, ondoka, na kesho urudi. Huenda ukampoteza kweli, sikudanganyi. Lakini yule dada anaamini amemuua mama yake kwa kutojua kusoma. Mwambie anajua kusoma, ila maneno ya kumsaidia hukuyaweka.