Doa Langu na Kompyuta ya Zahanati

Jumanne, 8 Machi 1994

Kompyuta imefika zahanati yetu hapa Mhezi. Ndogo, inafunguka kama Biblia, inakula betri ya gari. Wanasema imelishwa akili za madaktari arobaini wa ngozi. Daktari mwenye mashine kabaki Same mjini, anajaribu kama mashine na nesi wanatosha bila yeye. Nikamwambia jirani yangu Abednego, madaktari arobaini ndani ya sanduku moja lazima watagombana. Akasema basi wapelekee doa lako, ukawasuluhishe.

Doa lipo. Paja la kushoto, kwa nyuma, tangu mwaka juzi. Haliwashi, haliumi. Mke wangu Mary anasema limepauka kama kiraka cha suruali ya mtumba. Siku hizi maduka yamejaa, mifuko mitupu, na kila kitu mtumba. Hata ngozi yangu.

Jumatano, 9 Machi

Nimekwenda. Nani kakaa kwenye mashine? Redempta, mke wa mwanangu Novatus! Ndiye nesi pekee aliyefundishwa kuibonyeza. Mkwe wangu aone paja langu? Bora nizikwe na doa. Naye aliona aibu kuliko mimi. Akavuta pazia — mimi huku, yeye na mashine kule.

Shikamoo baba. Marahaba. Mashine inauliza, doa ni jekundu? Nikasema iambie mimi si nyanya. Linawasha? Nikasema kidogo. Uongo, lakini kusema hapana hapana kila mara naona kama kumnyima mgeni maji. Kisha akapitisha pini chini ya pazia. Baba, funga macho, jichome katikati ya doa, useme kama unasikia.

Nikajichoma. Kimya. Nikajichoma tena, kwa nguvu. Damu ilitoka, maumivu hayakuja.

Ukutani mbele yangu kuna bango. Mtu mwenye doa kama langu, na chini yake: UKOMA UNATIBIKA, DAWA NI BURE. Nikamkumbuka baba mkubwa Eliakimu. Kibanda chake kule nyuma ya migomba, chakula anasogezewa kwa mti mrefu. Msogezaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nacheka.

Nikapiga kelele: mama wee, mkwe unaniua! Foleni nzima ikaangua kicheko. Mashine ikafikiri kidogo, ikasema fangasi. Redempta kaandika kwenye kadi, kanipa tyubu ya dawa.

Jumapili, 27 Machi

Napaka asubuhi na jioni. Doa linang'aa tu. Madaktari arobaini nimewashinda peke yangu, mimi wa darasa la tatu. Sijui kwa nini sina raha.

Jumatatu, 2 Mei

Nimerudi kutoka shambani, Mary akauliza ndala nyingine iko wapi. Ya kushoto. Sikujua kama imenivuka. Nimetembea kutoka mferejini hadi nyumbani mguu mtupu, jiwe limenipasua kisigino, damu njia nzima. Sikusikia kitu. Nikamwambia ndala imeteremka gulioni Lembeni, kutafuta mnunuzi. Hakucheka. Akaniosha mguu, akawa anaminya vidole kimoja kimoja, ananitazama usoni.

Alhamisi, 12 Mei

Nimekwenda zahanati leo kwa sababu Redempta yuko mapumziko. Kompyuta imesharudi Same kwa mwenyewe. Yupo mganga mpya, Frederick, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Nikasema mwanangu, ile siku ya pini mimi niliongopa. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe wamemhadithia habari za mzee aliyelia kwa pini. Akasoma kadi: fangasi, kompyuta imesema. Nikasema basi nichome wewe, uone. Akasema mzee Melkizedeki, sifa zako ninazo, lakini watu wanasubiri. Kanipa tyubu ya pili.

Maisha yote nimewachekesha. Leo nimesema kweli, wameshika mbavu.

Jumamosi, 14 Mei

Redempta kaja na Raheli, mjukuu wangu, miaka sita. Raheli analala nasi tangu aachishwe ziwa, katikati yangu na bibi yake. Mama yake alibaki mlangoni kama siku zote, anaongea na kizingiti. Baba, mtoto ana doa mkononi, bibi anasema limefanana na lako. Hakuna haja ya kupanga foleni, lako lilishajulikana. Naomba dawa iliyobaki.

Nikasema subiri niitafute. Iko mfukoni mwangu.

Nikamkalisha Raheli kwenye kigoda jikoni. Funga macho, hesabu sindano ya bibi inakugusa mara ngapi. Nikamgusa kidoleni. Moja. Begani. Mbili. Nikagusa kwenye doa. Nikangoja. Nikagusa tena. Na tena.

Kafumba macho kweli kweli, hachungulii kama babu yake angefanya. Akasema, babu, mbona umeacha?

Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa la mahindi, najifanya natafuta. Redempta anauliza kutoka mlangoni, baba, umeipata? Nimegeuka, nimefungua mdomo. Raheli keshaanza kucheka. Anajua babu akifungua mdomo hivi —