Namba Imekuja kwenye Simu Yako

Mwalimu Seif,

Shikamoo. Najua haitajibiwa, ila kwa miaka saba nimeingia ofisini kwa neno hilo, na sijui mlango mwingine wa kuanzia kuzungumza na wewe.

Nakuandikia hapa hapa ofisini, saa ya chakula cha mchana. Deo ametoka kwenda kula. Meza yako ipo palepale, isipokuwa tumeweka printa juu yake. Sikupenda, lakini hapakuwa na nafasi nyingine. Utatuwia radhi.

Nimekuja kukupa taarifa ya kazi. Seva zimeongezwa. Sasa tuna makundi mawili, la zamani lenye seva tatu na jipya lenye seva nne, na zahanati zote zinafanya kazi. Hiyo ndiyo taarifa kwa kifupi. Ungekuwepo ungesema, "Sasa nieleze ulivyokosea." Basi nitaeleza, na nitaanzia kwenye kile kikao, ingawa ulikuwemo.

Unakumbuka Mkurugenzi alitukusanya kwa sababu ya malalamiko. Kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati tunazozihudumia, za hapa mjini, za Choma, za Sikonge na kwingineko, zote zinakaa kwenye wingu, katika seva za kukodi zilizo nchi ya mbali ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzigusa. Zahanati zilikuwa zimeongezeka na kundi la seva lilikuwa lilelile. Muuguzi akibonyeza jina la mgonjwa, ungeweza kumenya kiazi kabla faili halijafunguka. Mimi nikataka tuongeze kundi la pili. Wewe ukakataa. Ukasema tusafishe kwanza. "Mtu haongezi chumba kwa sababu ameshindwa kufagia."

Ndipo nikasimama.

Katika mwaka wangu wa kwanza hapa, wewe ulinifundisha jinsi kazi inavyogawanywa kati ya seva na seva kwa habari za babu zako, waliofika Tabora na misafara: kwamba hapa ndipo mizigo ilipofunguliwa na kufungwa upya, mingine ikaenda Ujiji, mingine Karagwe. "Mzigo hugawanywa bega likiwa bado zima," uliniambia. Nilikurudishia maneno hayo mbele ya watu tisa. Kisha nikaongeza, "Labda Mwalimu ameyasahau, ni umri." Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka. Wewe ulivua miwani, ukaifuta, ukaivaa. Ukasema, "Haya, kikao kiendelee."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano tulisalimiana tu. Alhamisi ukaanguka nyumbani. Ijumaa baada ya sala ukazikwa.

Daktari alisema presha ilikuwa ya miaka mingi na kwamba ulikuwa ukiruka dawa. Nimeamua kumwamini daktari. Siku nyingi naweza.

Baada ya wiki mbili Mkurugenzi alipitisha kundi jipya. Hakuna aliyepinga. Nilishinda hoja kwa sababu aliyekuwa akinipinga yuko kaburini, na nilitoka kwenye chumba kile nikiwa na karatasi yenye sahihi mkononi na sikuona mahali pa kuipeleka furaha yake.

Halafu tukakwama. Akaunti yetu ya wingu ilikuwa kwa jina lako. Paswedi tulikuwa nayo, lakini jambo lolote kubwa, kama kujenga kundi la seva au kulibomoa, lilihitaji namba ya uthibitisho, na namba hiyo hutumwa kwa meseji kwenye simu yako. Wenye wingu walikubali kubadilisha jina, ila walitaka cheti cha kifo na barua, na barua nyingine ya kuthibitisha barua. Wiki zikapita. Choma wakaanza kuandika wagonjwa kwenye madaftari.

Simu yako alikuwa nayo Bi Zuwena. Na Bi Zuwena alikuwa ameingia eda. Haonani na wanaume wasio ndugu zake. Deo asingeweza kwenda, Mkurugenzi asingeweza kwenda. Mwanamke katika ofisi hii ni mimi peke yangu. Kwa hiyo mtu aliyekudhalilisha ndiye aliyelazimika kupiga hodi nyumbani kwako.

Nilikwenda Jumapili, karibu na adhuhuri. Deo alibaki ofisini mbele ya kompyuta, mimi nikiwa na simu sikioni. Bi Zuwena alinipokea ukumbini, amevaa nguo zake za eda, amekonda. Alisikiliza maelezo yangu yote kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa hiyo huko hawajui kama amefariki?" Nikamwambia wanajua, wanasubiri karatasi. Akatikisa kichwa. Akaitoa simu yako chini ya mto. Ilikuwa imejaa chaji.

Namba ya kwanza iliingia akiwa ameshaanza kusali. Simu ilitoa mlio ikiwa pale mkekani kando yake, nami sikuweza kuigusa. Namba zile huishi dakika chache tu. Hadi anatoa salamu ilikuwa imekufa. Akaniuliza, "Ilikuwa ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo, bibi, hakuna neno, wataleta nyingine. Akavaa miwani yako ili aweze kuisoma ya pili. Alinisomea tarakimu moja moja, polepole, na kila moja nikairudia kwa Deo. Mlango wa akaunti ukafunguka.

Hapa ndipo nilipokosea, Mwalimu.

Mfumo uliuliza seva ngapi. Nne. Kisha ukauliza kundi jipya litatumia anwani zipi za mtandao. Wewe ulikuwa ukiniambia anwani ni kama namba za nyumba: nyumba mbili zikipewa namba moja, mgeni atapotea. Na kundi likishapewa anwani, hazibadilishwi tena, mpaka ulibomoe kundi zima na kuanza upya. Kwa hiyo wewe ulikuwa ukiziandika zote kwanza kwenye karatasi, kwa penseli, ukizilinganisha na za kila zahanati. Nilikuwa nakaa pembeni nikihesabu dakika zako. Siku ile Bi Zuwena alikuwa amenimiminia kahawa, Deo alikuwa akisema, "Da Nyamizi, haraka, itajifunga," nami nikamtajia anwani kutoka kichwani.

Zilikuwa za Sikonge.

Hatukuona kitu Jumapili. Kundi lilijengeka vizuri, likawaka kijani. Nilimshukuru Bi Zuwena, nikarudi zangu nikijisifu njia nzima.

Jumatatu asubuhi Kalunde, muuguzi wa Sikonge, akapiga simu. Hakuna faili hata moja linalofunguka. Kila wanachokitafuta kinapotelea njiani, maana barabara yao tulikuwa tumeielekeza kwenye kundi jipya lisilo na kitu. Mbele yake alikuwepo mama mmoja mwenye homa kali, aliyesahau kadi yake kijijini. Mama huyo alichojua ni kwamba kuna sindano iliwahi kumvimbisha uso, jina lake halijui. Kalunde alikuwa na sindano mkononi. Hakumchoma. Alipiga simu kwanza.

Nikalifungua faili hapa Tabora, nikamsomea: penisilini. Akasema, "Haya," akakata.

Deo alikuwa ameshaelewa. Alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Waambie ni mtandao. Watu wote watakuelewa." Na ni kweli wangeelewa. Hapa kwetu mtandao hubeba dhambi za kila mtu na haujawahi kukanusha.

Wewe ulikuwa na neno lako kuhusu hilo. "Usiusingizie mtandao, hauna wa kuutetea." Na ulikuwa ukipanda basi kwenda kuomba radhi wewe mwenyewe, hata kwa mambo madogo. Nilikuona mtu wa zamani. Nilidhani simu inatosha.

Jumanne nikapanda basi la asubuhi kwenda Sikonge. Nilimkuta Kalunde anapanga madaftari. Nikamwambia ni mimi, si mtandao, si wingu, niliweka anwani bila kuzihakiki, na kama angekuwa mwepesi wa mkono yule mama angeweza kufa. Akasema, "Tangu yule mzee wenu, wewe ndiye wa kwanza kuja kusema hivyo." Alinipa kiti. Chai hakunipa, na sikuistahili. Tukakaa pamoja tukiandika majina ya wagonjwa wa siku mbili ili yaingizwe baadaye. Yule mama alikuwa bado amelazwa kitanda cha dirishani. Nilimpa pole kwa Kinyamwezi, akaitikia, akadhani mimi ni mtu wa kutembelea wagonjwa.

Kulibomoa kundi kulihitaji namba nyingine. Nikarudi nyumbani kwako, Ng'ambo.

Bi Zuwena aliuliza, "Mmekosea?" Nikamjibu, "Nimekosea mimi." Aliisoma namba, nikaipeleka kwa Deo. Kisha, nikiwa na anwani mpya zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa penseli, zimehakikiwa mara mbili, tukaomba namba ya kujengea. Akaisoma na hiyo. Tulipokuwa tunasubiri nikamweleza habari ya kikao. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia nilichosema, na kwamba watu walicheka. Halafu nikamwuliza kama ulimwambia lolote jioni ile uliporudi nyumbani.

Alifikiri sana. Nilimwona anatafuta, anarudi nyuma siku kwa siku. Nilikuwa nangoja aseme ulicheka. Au ulisema binti yule ana ulimi lakini ana akili. Kitu chochote.

"Alikula kidogo, akasema amechoka," alisema. "Hakuniambia kitu, mwanangu. Nisikudanganye."

Hivyo sijui. Sitajua. Nimejaribu kulizoea jambo hili kama mtu anavyoizoea ngazi iliyopungua kidato kimoja.

Zilizobaki ni habari za kazi. Kundi jipya lilisimama sawasawa. Tukaanza kuhamisha mashine pepe, zile kompyuta zisizo na mwili zinazoishi ndani ya seva, kutoka kundi la zamani kwenda jipya, moja baada ya nyingine, mchana kweupe, zikiwa zinafanya kazi. Zahanati ya Choma ilihama wauguzi wakiwa katikati ya kliniki ya watoto. Niliwapigia baadaye kuuliza kama wameona chochote. Wakaniuliza, "Kama nini?" Nilitamani uwepo ulisikie swali hilo.

Tulipokuwa tunahamisha ndipo nikazihesabu mashine zenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya kikao. Kumi na moja hazikuwa na kazi yoyote. Zilikuwa za majaribio, zimesahaulika, zinakula nafasi na nguvu bure. Saba kati yake nilizitengeneza mimi. Ulisema tufagie, na takataka ilikuwa yangu. Sidhani kama ufagio peke yake ungetosha, zahanati zimekuwa nyingi mno. Ila tungefagia kwanza, Choma wangepata nafuu wiki nyingi kabla, na mimi nisingekuwa na haraka siku ile. Tulikuwa sahihi nusu kwa nusu. Tungekaa saa moja na karatasi mezani tungeliona hilo pamoja.

Juma lililopita karatasi za wenye wingu zilikamilika. Akaunti sasa iko kwa jina la ofisi, namba zinakuja kwenye simu ya hapa. Nilikwenda kumwarifu Bi Zuwena kwamba hatutamsumbua tena. Akasema hakusumbuliwa.

Na jana kulikuwa na kikao. Mkurugenzi alinisifu kwa kundi jipya, watu wakapiga makofi. Walikuwa walewale wa siku ile, ukiondoa wewe. Nikaomba kusema. Nikaeleza habari ya Sikonge, maana wengi walidhani ni mtandao. Nikataja zile mashine kumi na moja na zipi zilikuwa zangu. Kisha nikasema kwamba katika chumba hiki nilimvunjia heshima mwalimu wangu, kwamba hakuwa amesahau kitu, na kwamba naliondoa neno langu. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mkurugenzi alisema, "Sawa, tumesikia, Nyamizi." Nilikaa. Tukaendelea na ajenda ya mafuta ya jenereta.

Sikujisikia mwepesi, kama ulikuwa unataka kujua. Nilijisikia mtu aliyefika stendi basi likiwa limeshaondoka.

Deo anapanda ngazi, namsikia. Nakuaga, Mwalimu Seif. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe nafasi pana huko uliko. Nakuomba radhi. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na kuikata, sasa naiacha.

Ahadi yangu kwako ni moja. Nitaendelea kukosea, kazi hii haina malaika. Ila nikikosea nitasema ni mimi, na nitasema mapema, niliyemkosea akiwa bado yupo wa kunisikia.

Nyamizi