Mama, Ulionesha Tumboni

Mama yangu,

Hitima imesomwa, mabusati yamekunjwa, nami nimerudi dukani kwangu Chukwani. Nauza saruji, napiga hesabu, zinatoka sawa. Yako ndiyo haitoki.

Tangu kiharusi kikunyime kumeza, ule mrija wa puani ulikuwa kazi yangu. Uji wa kuchuja, mililita mia mbili kila baada ya saa tatu, kisha maji ya kuusafisha. Mwembamba ule, chenga moja tu imeuziba. Nawe ukiuchomoa. Nikakuvisha soksi mikononi, wewe, usiyestahamili hata bangili ya kubana.

Daktari alitueleza wazi. Wa puani ni wa muda mfupi, unachubua koo, unatoka ovyo. Wa tumboni ni mpana, unakaa miezi, unafichika ndani ya nguo. Ama uende Dar es Salaam ukawekewe kwa kamera inayopita mdomoni, ama ufunguliwe kidogo tumbo hapa hapa. Kidonda kinaweza kutunga usaha, hakutuficha. Nikakuuliza, Mama, puani au tumboni? Ukaburura mkono ukauweka tumboni. Nikakuuliza tena. Pale pale.

Mjomba Seif, kaka yako, akakataa. "Dada yangu hatobolewi kama kifuu! Pua ina matundu mawili tayari, yatosha." Watu wakacheka. Nyumba ile naiendesha mimi, lakini neno lililopita ni lake.

Ukauchomoa tena. Mjomba akasema upumzishwe bila mrija mpaka kesho. Asubuhi yake, mimi niko jikoni nachuja uji, jirani yetu Bi Zuwena akaingia na chupa ya zamzam, akakuona uso mtupu. "Alhamdulillahi, mrija umetoka! Bi Rukia kapona!" Akakunywesha kwa kijiko, kwa mapenzi. Yakaingia mapafuni.

Na wa tumboni nao ungekuacha uso mtupu. Hata hilo nimelipigia hesabu, Mama. Pengine angekunywesha vile vile. Lakini ungekuwa umepewa ulichokitaka.

Mjomba anakaa barazani, anawaambia watu siku zako zilifika. Nami naamini hivyo. Namwamkia, napita kwenda dukani.

Nimewaambia wanangu: nikishindwa kumeza, nitobolewe, na asiulizwe mtu ila mimi. Mkubwa akaniuliza, "Na mjomba akikataa?" Mjomba wao, kaka yangu.

Buriani, Mama. Nakuahidi nitawaambia tena. Sioni kama watanisikia, lakini nitawaambia.

Mwanao,
Asha