Nakala ya Pasipoti ya Mwende

Jumanne, 10 Juni
Nimefua, nimeanika, nimechemsha mihogo. Kanga nyeupe imebaki na doa la majivu, halitoki. Leo siku ya thelathini na tatu ya eda.

Darasa langu amepewa mwalimu mwingine. Mwalimu mkuu alinipigia, akatoa pole, akasema watoto hawawezi kungoja miezi minne. Kweli hawawezi.

Bado natoa vikombe vitatu vya chai. Mavyaa, mamake marehemu mume wangu Bakari, anakirudisha cha mwanawe kabatini. Sina machozi leo. Mtupu tu.

Alhamisi, 19 Juni
Madam Rita amepiga tena. Ni wakala wa kazi za nje, namba yake niliipata kwenye kundi la walimu. Kufundisha Kiingereza Tailandi, watoto wadogo, nyumba ya kukaa ipo. Nilimwambia niko eda. Akauliza eda ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Pole sana, mpendwa. Lakini nafasi inafungwa wiki hii."

Mavyaa alikuwa akichagua mchele. "Mwambie kaburi la mwanangu halijaota hata nyasi."

Sikumwambia. Nataka kwenda. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Nataka mahali ambapo hakuna anayejua kwamba Bakari amekufa.

Jumapili, 22 Juni
Nimempa Mwende nafasi yangu.

Mwende amepanga chumba chetu cha uani. Kwao Mwingi. Alikuwa akihudumu mezani katika hoteli moja Diani, ikafungwa mpaka msimu wa wageni urudi. Aliposikia habari za Rita akasema, "Sasa Mwalimu, kama wewe huendi, mimi je? Niko tu hapa nakula upepo wa bahari, na haushibishi." Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikaona haya.

Nilimweleza Rita kwamba Mwende si mwalimu. Akasema haidhuru. Hakuuliza vyeti. Hakutaka kumwona akifundisha. Mimi, kupata darasa la chekechea hapa Msambweni, nilifundisha somo zima huku mwalimu mkuu ameketi nyuma na daftari lake.

Niliona. Nikanyamaza.

Jumatano, 2 Julai
Kila alasiri namfundisha Mwende uani. Neno moja, kitu kimoja mkononi. Usiandike huku unaongea, watoto wataona mgongo tu. Mavyaa ndiye darasa. Mwende akiinua kijiko, Mavyaa anajibu "Spuni!" kwa ukali kama anayefukuza mbuzi.

Bakari alijifunza Kiingereza mapokezini, hotelini. Kila jioni alikuja na neno jipya, nimsahihishie. La mwisho lilikuwa la mvua nyepesi, ile isiyolowesha. Mvua hiyo imenyesha asubuhi hii. Nilisimama mlangoni nikalitamka peke yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Rita anataka pasipoti yenyewe, ipelekwe Nairobi kwa basi la vifurushi. Viza itakuwa ya utalii. Anasema itabadilishwa huko huko. Uwanja wa ndege Mwende aseme anakwenda kutembea.

Bakari alikaa mapokezini miaka kumi na minne. Aliipokea pasipoti ya mgeni, akatoa nakala, akamrudishia mkononi kabla hajamaliza juisi ya kukaribishwa. Alikuwa akisema pasipoti ya mtu isilale kwenye droo ya mwingine. Hata tukiwa tunakula alisema hivyo.

Leo maneno hayo yalinifika kooni. Mwende alikuwa akipiga pasi blauzi ya safari, anaimba. Sikuyasema. Niliogopa akibaki atabaki kwa sababu yangu. Na niliogopa mlango ukifungwa kwake umefungwa na kwangu.

Nilichofanya ni kidogo. Nimemtuma atoe nakala ya ukurasa wenye sura yake. Nimeiweka kwenye kopo la biskuti la Bakari, pamoja na saa yake.

Jumatatu, 28 Julai
Ameondoka. Alikabidhiwa pasipoti Nairobi, mlangoni mwa uwanja wa ndege, dakika za mwisho. Akitoka hapa nilimpa boksi la chaki. Akasema, "Eda ikiisha, Mwalimu, unanikuta huko nimekushikia kitanda."

Uani kimya. Kamba ya nguo haina kitu. Mavyaa ameniuliza mara mbili kama spuni ni kijiko au uma.

Jumamosi, 16 Agosti
Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mwende. Anaongea chini chini. Kuna mwanamume aliyempokea, akachukua pasipoti akisema ni ya kuandikishia. Mpaka leo hajairudisha. Shule ni chumba juu ya duka. Kibali cha kazi hakuna. Alhamisi maafisa wa uhamiaji walikuja, wakachukua walimu wawili. Yeye alikuwa chooni. Viza ya utalii haimruhusu kushika hata chaki.

"Mwalimu, wakinikuta nisemeje? Wewe ndiye ulinifundisha kusema."

Nimempigia Rita mara tisa. Hapatikani.

Ni mimi. Naandika wazi hapa: ni mimi.

Jumatatu, 18 Agosti
Mwende amepata namba ya simu ya ubalozi wetu. Wanahitaji nakala ya pasipoti na barua ya mtu anayemjua. Nilipiga picha ile karatasi kwa simu, namba haikusomeka. Lazima niende saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikaitume na barua. Sijatoka nje ya nyumba hii tangu msiba.

Nilimweleza Mavyaa yote. Hata yale niliyoyanyamazia. Aliinuka mkekani. Kisha akavaa buibui lake.

"Hii ni haja. Mchana unaruhusiwa kutoka. Twende, turudi kabla ya magharibi."

Jua liliniumiza macho. Watu walinipa pole njia nzima, sikujua niweke wapi mikono. Mavyaa alisimama nyuma ya kijana wa saiba. "Namba hiyo isomeke vizuri, mwanangu. Kuna mtoto wa watu yuko mbali."

Katika barua nimeandika kwamba namba ya wakala nilitoa mimi, na kwamba Mwende aliagizwa ajiite mtalii. Sikujificha. Nikatia sahihi.

Nimemwambia Mwende aondoke asubuhi, na mkoba wa darasani tu, aende moja kwa moja ubalozini.

Jumatano, 20 Agosti
Hakuna habari. Nimefua nguo safi.

Ijumaa, 29 Agosti
Yuko salama. Ubalozi umempa hati ya dharura ya kusafiria. Maafisa wa uhamiaji wa kule walimhoji siku nzima, jina lake limeandikwa, hawezi kurudi nchi ile kwa muda mrefu. Pasipoti haikupatikana. Anarudi nyumbani.

Mavyaa ameswali rakaa mbili za shukrani. Mimi nimekaa jikoni. Nilitaka kumwambia Bakari kwamba karatasi yake imefanya kazi. Nilifika mpaka mlango wa chumba, ndipo nikakumbuka.

Jumatatu, 15 Septemba
Eda ilikwisha jana. Nimeoga, nimekunja kanga nyeupe, nimevaa ya kijani. Mavyaa amenifukiza udi. Sikujisikia tofauti.

Mwende amefika saa nne. Amekonda. Amenirudishia boksi la chaki, limepungua vipande viwili. "Watoto walikuwa wazuri," akasema. "Hao ndio walikuwa wa kweli."

Nilimpikia viazi vya nazi. Alipomaliza nikamwambia. Kwamba nilijua pasipoti haifai kukaa mikononi mwa mtu mwingine. Kwamba niliona Rita hakuuliza vyeti, nikanyamaza kwa kuwa nilitaka kumfuata yeye huko baadaye.

Alizungusha kijiko kwenye sahani tupu kwa muda. "Ningeenda tu," akasema. "Lakini ungeniambia."

"Ndiyo. Ningekwambia."

Nikaleta kopo, nikampa nakala yake. Akaitazama sura yake, jinsi alivyokuwa akijizuia kucheka siku ile ya picha. Kisha akairudisha koponi, juu ya saa. Akasema ikae hapo hapo, kwa Bwana Bakari, mpaka aombe pasipoti nyingine.

Amelala chumbani kwake. Nguo zake ziko kwenye kamba. Nimetoa vikombe vitatu. Mavyaa hajarudisha hata kimoja.