Kwa Nini Mvua ni Heavy na Chai ni Strong

Mpendwa Muthoni,

Hapa Runyenjes tu wazima, na kahawa imechanua. Unauliza mbona Kiingereza kinasema "heavy rain" lakini chai ni "strong tea". Sheria siijui, mjukuu wangu. Ila wakati wa Imajensi, Waingereza walipotufungia katika kijiji kilichozungushiwa handaki, wanawake tulitoka kutafuta kuni wawili wawili, na mimi kila mara nilienda na Wanja. Siku moja Wanja akakamatwa. Kesho yake nilifika langoni na mwanamke mwingine. Askari yule yule aliyefungua lango Wanja alipopelekwa akanitazama, akauliza, "Mwenzako yuko wapi?", ingawa mwenzangu wa siku hiyo alikuwa kando yangu.

Jicho lake lilikuwa limetuzoea. Maneno nayo huzoeana hivyo, kwa kutembea pamoja; "heavy" ilizoeana na "rain", na "strong" na "tea". Hadi leo nikienda kutafuta kuni, nabeba kamba mbili, yangu na ya Wanja.

Cucu (bibi) yako